Mgongano wa maslahi kwenye bodi za HOA: mhazini, shemeji yake na mkataba wa kukata majani

#1 Mkazi wa Kona

Wakuu, salaam kwenu.

Uzi huu unawalenga zaidi wenzangu tulioko Marekani tulionunua nyumba kwenye mitaa yenye HOA, yaani chama cha wamiliki wa nyumba. Lakini hata wewe uliyenunua apatimenti Upanga au Kilimani usikimbie, utajikuta humu humu.

Kwa asiyejua: ukinunua nyumba kwenye mtaa wa namna hii unakuwa mwanachama utake usitake, uanachama umefungwa kwenye hati ya nyumba. Unalipa ada. Ada inalipia majani ya maeneo ya pamoja, bwawa la kuogelea, geti, taa, bima na kampuni ya usimamizi. Wanaoamua pesa iende wapi ni bodi ya majirani zako, watatu au watano hivi, ambao hawalipwi hata senti. Makadirio ya miaka ya karibuni yanasema Wamarekani zaidi ya milioni 75 wanaishi chini ya vyama hivi. Hapa Texas ukikaidi kulipa ada, chama kinaweza kuipeleka nyumba yako mnadani. Kwa hiyo msidhani tunazungumzia kamati ya harusi.

Watu wakisikia mgongano wa maslahi wanawaza mwizi. Mwizi hanisumbui sana, mwizi ana polisi wake. Anayenisumbua ni jirani mwema, mstaarabu, anayekuazima ngazi ukitaka kusafisha mifereji ya paa, ila amekaa pande zote mbili za meza: upande wa anayelipa na upande wa anayelipwa. Huyo hata mwenyewe hajioni kama ana tatizo.

Kisa cha mtaani kwetu, nje kidogo ya Houston. Mtaa siutaji, watu siwataji.

Ada ilipanda. Barua ikasema gharama za bustani zimeongezeka. Nikaomba vitabu. Texas hiyo ni haki ya mmiliki: unaandika barua, unaituma kwa rejista, unataja nyaraka unazotaka, na chama kina siku 10 za kazi kukujibu. Nikaletewa faili la mkandarasi wa bustani, mkataba na invoisi za mwaka mzima.

Bei ilikuwa kubwa lakini si ya kutisha. Kilichonisimamisha ni namba za invoisi. Januari 118. Februari 119. Machi 120. Ikaenda hivyo mpaka Desemba 129, haikuruka hata moja. Sasa jiulize: kampuni ambayo kwenye gari lake imeandika inahudumia kaunti nzima, mwaka mzima haijamwandikia invoisi mtu mwingine yeyote isipokuwa sisi. Kampuni ina mteja mmoja duniani, na mteja huyo ni mtaa wetu.

Nikaingia kwenye tovuti ya jimbo inayoonyesha usajili wa kampuni. Jina la mkurugenzi lilikuwa jina la ukoo ambalo mke wa mhazini wetu analitumia mpaka leo. Kaka yake.

Nikarudi kwenye mihtasari ya vikao. Ya mwezi ule mkataba uliposainiwa ina mstari mmoja tu: "Bodi ilijadili huduma za bustani. Ilipitishwa, kura 3 kwa 0." Bodi ina watu watatu. Maana yake mhazini alikaa, akajadili, akapiga kura kumpa shemeji yake kazi, na muhtasari ukafungwa.

Naendelea chini, wacha kwanza nisikie wenzangu.

#2 Zeze la Mjomba

Nimeweka kiti na kahawa. Hizo namba za invoisi zimenimaliza 😂 Mtu anaiba mpaka anasahau kuruka namba.

#3 Mama Tunda Dallas

Mkazi wa Kona, asante kwa uzi. Mimi yangu si bodi, ni kamati. Ile kamati ya kupitisha mabadiliko ya nyumba: rangi, uzio, paa, kibanda cha nyuma.

Niliomba kubadilisha uzio wa mbao uliooza. Nikakataliwa, eti mbao hazikidhi viwango vya mtaa. Nikarudisha maombi na aina nyingine ya mbao, nikakataliwa tena, bila maelezo ya maana. Siku moja nipo nje namwagilia, akapita mmoja wa wanakamati na mbwa wake, tukasalimiana vizuri, akaniambia, "Ukimtumia fundi huyu hutapata shida, anajua kamati inataka nini." Akanipa kadi. Nikampa fundi kazi, mbao zilezile za kwanza, rangi ileile, maombi yakapita ndani ya wiki.

Baadaye nikaja kujua yeye na yule fundi wana biashara ya pamoja. Hakuniomba rushwa. Hakunitisha. Alinisaidia! Ukienda kulalamika utasema nini?

#4 Kinyozi Mstaafu

Niwe tofauti kidogo na wakuu. Nyie watu mnaonea wenzenu. Mtu anajitolea bure, anakaa vikao usiku, anapigiwa simu bwawa likiwa na mwani, watu wanamtukana kwenye Facebook ya mtaa. Halafu shemeji yake akipata kazi ya kukata majani mnalia. Majani si yalikatwa? Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Kama hutaki, gombea wewe.

#5 Mkazi wa Kona

Mama Tunda, pole sana dada yangu. Kisa chako kinanitia hasira kuliko changu, maana kwenye bodi angalau kuna muhtasari na invoisi. Kamati ya mabadiliko inaua kimyakimya, inakataa tu.

Texas ilijaribu kuziba hapo. Tangu Septemba 2021 kuna sheria kwamba kwenye vyama vyenye nyumba zaidi ya 40, mjumbe wa bodi haruhusiwi kukaa kwenye kamati hiyo, wala mke au mume wake, wala mtu anayeishi naye nyumba moja. Nia ni nzuri, maana ukikataliwa na kamati unakata rufaa kwa bodi, na haifai mtu asikilize rufaa dhidi yake mwenyewe. Lakini ona ilichoacha: fundi uzio, muuza paa, mbia wa fundi uzio, wote wanaruhusiwa. Sheria imezuia mtu kukaa bodi na kamati kwa wakati mmoja, haijazuia mtu kufanya biashara na maombi anayoyahukumu. California wamegusa upande mwingine, kule mjumbe wa bodi au kamati hapigi kura kwenye ombi la mabadiliko ya nyumba yake mwenyewe, wala kwenye adhabu yake mwenyewe. Ungedhani jambo kama hilo halihitaji sheria. Linahitaji.

Ila una silaha moja. Kamati ikikukatalia Texas inatakiwa ikuandikie sababu, na wewe una haki ya kuomba bodi ikusikilize. Peleka maombi yote matatu, yale mawili yaliyokataliwa na lile lililopita, uyaweke mezani bega kwa bega. Usimtuhumu mtu. Waulize tu tofauti ya mbao iko wapi.

Kinyozi Mstaafu alisema: *Majani si yalikatwa?*

Yalikatwa mkuu, tena vizuri. Hoja yangu si kwamba majani hayakukatwa. Hoja ni nani alikuwa anatazama bei kwa niaba yetu siku ile. Watu watatu walichaguliwa kutubania pesa, na mmoja wao faida yake ilikuwa pesa itoke. Halafu wale wawili wengine nao wamefungwa: utamwambiaje mwenzako unayekaa naye kila mwezi kwamba shemeji yake ni ghali? Kwa hiyo hapakuwa na mtu hata mmoja chumbani wa kusema "tutafute kotesheni nyingine." Hapo ndipo sehemu ya kupanda kwa ada yangu ilipotoka.

Na kugombea nitagombea, usijali.

#6 Mbao za Mlolongo

Salaam kutoka Nairobi. Mkazi wa Kona, huku hatuna neno HOA lakini tuna kampuni ya usimamizi ya estate, ambayo kila mwenye nyumba ana hisa yake moja, na tuna wakurugenzi ambao ni majirani. Ugonjwa ni uleule.

Nikupe kimoja. Estate niliyokuwa nikikaa zamani, upande huu wa Mombasa Road, maji ya kaunti ni ya kubahatisha. Tulichimba kisima kwa michango yetu. Pampu ikaharibika. Mwenyekiti akasema, wakati fundi anatafutwa, tununue maji ya boza. Fundi akatafutwa na kutafutwa. Boza likawa linaingia getini asubuhi na jioni. Pampu ikaagizwa, ikakaa bandarini, ikatoka, ikawa si saizi. Miezi ikaenda.

Mlinzi wa getini ndiye aliyetuambia, tena bila kujua anasema jambo kubwa. Alikuwa anaandika namba za magari yanayoingia kwenye kile kitabu cheusi, na dereva wa boza kila akija husema, "Andika gari la mwenyekiti."

Hapo hakuna aliyepandisha bei. Maji aliuza bei ya soko, hata risiti alitoa. Alichofanya ni kutotengeneza pampu. Ndiyo maana nasema mgongano mbaya zaidi hauonekani kwenye invoisi, unaonekana kwenye kazi ambayo haifanyiki.

#7 Zeze la Mjomba

"Andika gari la mwenyekiti" 😂😂😂 Mlinzi apewe nishani.

#8 Wakili wa Kijiweni

Niongeze nyama kidogo kwa upande wa Marekani, maana mleta uzi amesema mwizi hamsumbui. Nadhani anamdharau mwizi mapema. Mara nyingi mwizi na jirani mwema ni mtu mmoja kwa nyakati mbili tofauti.

Las Vegas, kati ya 2003 na 2009. Kulikuwa na mkandarasi na wenzake, mawakili wakiwemo, walioona kwamba vyama vya wamiliki vina haki ya kuwashtaki wajenzi kwa kasoro za majengo, na kesi hizo zina mamilioni. Wakafanya nini? Wakawaweka watu wao wanunue apatimenti kwenye majengo mbalimbali, wengine kwa sehemu ndogo tu ya umiliki, ili wawe wamiliki halali. Wakagombea bodi. Pale kura zilipogoma wakazichezea, mpaka kughushi karatasi za wamiliki wasioishi mjini. Bodi zikishakuwa zao, zinapiga kura kuajiri wakili wao afungue kesi, na mkandarasi wao afanye matengenezo. Serikali kuu iliingilia, na watu zaidi ya 40 wakapatikana na hatia au kukiri. Kinara alipewa kifungo cha zaidi ya miaka 15 mwaka 2015.

Florida nayo. Kuna chama kikubwa upande wa kusini-magharibi mwa Miami kiitwacho The Hammocks, nyumba zaidi ya 6,500. Novemba 2022 waendesha mashtaka walikamata watu watano, viongozi wa zamani na wa wakati huo wakiwemo. Madai yao ni kwamba zaidi ya dola milioni 2 za chama zilipitishwa kwenye kampuni zisizofanya kazi au zilizofanya kidogo, kisha sehemu ikarudi kwa wenyewe. Wakati huo wakazi walikuwa wanalalamikia ada zinazopaa na vitabu wasivyoonyeshwa. Mahakama ikakiweka chama chini ya msimamizi wa kuteuliwa. Mwaka 2024 Florida ikapitisha sheria mpya: mjumbe wa bodi anayepokea cha juu kutoka kwa mkandarasi sasa anatenda kosa la jinai la daraja la tatu, na kila mjumbe mpya lazima asome kozi na kuleta cheti ndani ya siku 90.

Nilichotaka kuonyesha ni hiki: kote huko milango ilikuwa ileile anayoisema mleta uzi. Mtu aliyekaa pande mbili, na muhtasari wa mstari mmoja.

Jambo la kisheria ambalo wengi hawalijui. Ukimshtaki mjumbe wa bodi kwa uamuzi mbovu tu, mahakama nyingi za Marekani zitakuambia hazikai pale kuendesha bodi. Mahakama kuu ya rufaa ya New York ilisema hivyo kuhusu bodi za majengo mwaka 1990 na msimamo huo umeenea. Bodi ikichagua rangi mbaya au mkandarasi mzembe, ila kwa nia njema, imepona. Lakini ukithibitisha mjumbe alikuwa na maslahi yake, kinga hiyo inaanza kuyeyuka, na sasa yeye ndiye anatakiwa aonyeshe kwamba mkataba ulikuwa wa haki. Ndiyo maana kwa mwanachama, zile karatasi za usajili wa kampuni zina thamani kuliko kelele za mwaka mzima kikaoni.

#9 Kinyozi Mstaafu

Haya wakili, hao wa Las Vegas ni majambazi, hatubishani. Lakini mleta uzi hajajibu. Je, shemeji akiwa ndiye mwenye bei nzuri? Tumnyime kazi kwa sababu dada yake kaolewa na mhazini? Hiyo nayo ni dhuluma.

#10 Mkazi wa Kona

Hapo mkuu umeuliza swali la maana, na nakubaliana na wewe nusu.

Sheria ya Texas haimnyimi. Inasema chama kinaweza kuingia mkataba na mjumbe wa bodi, au ndugu yake wa karibu, au kampuni ambayo mmoja wao anachukua asilimia 51 ya faida au zaidi, ila kwa masharti. Pawepo kotesheni nyingine angalau mbili kutoka kwa watu baki, kama zinapatikana eneo hilo. Mjumbe husika asizione kotesheni za wenzake. Asishiriki mjadala wala kura. Uhusiano utajwe wazi, wajumbe wasiohusika wapige kura kwa wingi wao, na bodi iandike azimio kwamba hayo yote yametimizwa. Florida wao wanataka theluthi mbili ya wajumbe waliohudhuria, na wanachama kwenye mkutano unaofuata wanaweza kuuvunja mkataba kwa kura.

Naupenda zaidi huo wa kutoziona kotesheni. Kutangaza maslahi peke yake naona ni kuosha mikono. Mtu anasema, "Jamani mjue huyu ni shemeji yangu," wote wanacheka, kikao kinaendelea naye akiwa ameshika kalamu. Sasa ndiyo imekuwa mbaya zaidi, maana amepata baraka. Atoke nje. Aende akanywe maji mpaka aitwe.

Matundu yapo, lazima niseme. Asilimia 51! Mwenye asilimia 50 anapita katikati ya mlango bila kuinama. Na undugu umewekewa mpaka daraja la tatu: mjomba yumo, mpwa yumo, shemeji yumo, binamu hayumo. Kwa sisi ambao binamu ni ndugu wa kuchangia mahari, sheria hii imetuachia shamba zima.

#11 Ghorofa ya Nne

Wakuu, mimi nipo Dar, jengo la ghorofa lenye wamiliki mchanganyiko, wengine wanaishi, wengine wamepangisha wapo nje ya nchi. Tunayo sheria ya umiliki wa sehemu za majengo tangu 2008, na inataka wamiliki wawe na chama chao. Kwetu chama ni kundi la WhatsApp na kamati ya watu wanne waliojichagua siku ile lifti ilipokwama.

Tatizo letu ni jenereta. Dizeli inanunuliwa na mjumbe mmoja wa kamati, ana kituo cha mafuta. Umeme ukikatika saa mbili, hesabu ya dizeli inakuja kama ulikatika siku nzima. Ukiuliza kwenye kundi, unaambiwa una roho mbaya, au mwenyekiti anafunga kundi wasimamizi tu ndio waandike. Mtu aliye Muscat au London anatuma tu pesa, hana habari.

Sasa hizo sheria za Texas zinanisaidia nini mimi? Nianzie wapi?

#12 Mbao za Mlolongo

Ghorofa ya Nne, kabla mleta uzi hajaja. Hapa Kenya tuna Sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo, iliyofuta ile ya 1987. Ilitaka majengo ya zamani yabadilishe hati ili kila mwenye nyumba awe na hati yake halisi, na usimamizi uwe wa shirika la wamiliki wenyewe. Sehemu nyingi kubadilisha kumekuwa kazi, maana aliyejenga bado ameshika kampuni ya usimamizi na hana haraka. Huyo pia ana mgongano wake: yeye ndiye aliyejenga, yeye ndiye anayepokea malalamiko ya nyufa. Kesi ya nyani umempelekea nyani mwenyewe, hata ngedere hakuitwa.

#13 Mkazi wa Kona

Mbao za Mlolongo umegusa pabaya. Huku pia mwendelezaji ndiye anayeteua bodi mwanzoni, wakati viwanja bado ni vyake. Texas inamlazimisha akubali angalau theluthi moja ya wajumbe wachaguliwe na wamiliki, si zaidi ya siku 120 baada ya asilimia 75 ya viwanja kuuzwa. Mpaka siku hiyo, bodi inayopaswa kumdai atengeneze mfereji ni wafanyakazi wake. Ukinunua nyumba mpya, uliza kwanza mtaa umefika asilimia ngapi. Madalali hawalisemi.

Ghorofa ya Nne, usiondoke. Sheria za Texas hazikuhusu, ila kazi ya mikono ni moja popote.

Usianze na mtu, anza na karatasi. Jenereta nyingi kubwa zina mita ya saa, namba inayopanda kila ikiwaka. Piga picha ya hiyo mita mwanzo wa mwezi na mwisho wa mwezi. Waulize waliofunga jenereta inakunywa lita ngapi kwa saa ikiwa na mzigo kama wenu. Zidisha. Sasa una lita, na kamati ina risiti za lita. Hapo hujamwita mtu mwizi, umeuliza hesabu. Ukimtaja mwenye kituo siku ya kwanza, mjadala utakuwa juu ya heshima yake, na heshima yake utaikuta ina watetezi wengi.

Halafu watafute wamiliki walio nje. Hao ndio kura zenu. Mtu wa Muscat anayelipa bila kuuliza, ukimtumia ukurasa mmoja wenye picha mbili za mita na risiti, atauliza kwa sauti kubwa kuliko wewe, na yeye hamkutani kwenye lifti kesho yake. Waombeni kikao chenye ajenda iliyoandikwa na mwandishi asiyekuwa mjumbe wa kamati. Jambo dogo la kupitisha siku hiyo: mnunuzi wa dizeli asiwe muuzaji wa dizeli. Akitaka kuuza, aachie ujumbe wa kamati, alete bei kama wengine. Mwaka unaofuata mnaweza kuzungumzia mengine.

Na muhtasari uandikwe kama muhtasari. Nani alipendekeza, nani alitoka nje, nani alipiga kura. Mstari wa "ilipitishwa" haumlindi mtu, hata mjumbe mwaminifu.

#14 Mama Tunda Dallas

Mkazi wa Kona, kampuni ya usimamizi je? Yetu ndiyo inayotuletea mafundi, na mafundi wote wanatoka kwenye kampuni yenye anwani ileile.

#15 Wakili wa Kijiweni

Dada, hiyo ipo sana. Msimamizi analipwa kidogo kwa mkataba wa usimamizi, kisha anajipatia kwenye vitu vya pembeni: asilimia ya matengenezo, ada ya kila barua ya onyo, ada ya kutoa nyaraka nyumba inapouzwa. Kila barua ya "majani yako marefu" inayotumwa ina mtu inayemnufaisha, kwa hiyo usishangae zikiwa nyingi. Ombeni mkataba wa usimamizi, sio bajeti. Ukurasa wa mwisho, kwenye jedwali la ada, ndiko aliko. Na kazi ya zaidi ya dola 50,000 Texas lazima ipite kwenye utaratibu wa zabuni, kwa hiyo angalieni pia kama kazi kubwa haijakatwakatwa vipande vya 48,000.

#16 Kinyozi Mstaafu

Mleta uzi umetukimbiza Las Vegas, Nairobi, Dar, na kisa chako hujakimalizia. Shemeji aliishia wapi?

#17 Mkazi wa Kona

Haya mkuu.

Nilipeleka karatasi kikaoni, nikasoma namba za invoisi, nikasoma jina la mkurugenzi. Sikuongeza neno. Mhazini hakukasirika. Alisema, "Nilidhani mnajua." Na nadhani alikuwa mkweli kabisa. Wale wajumbe wawili walikuwa wanajua. Nyumba nyingine zote hazikujua.

Wakautangaza upya mkataba. Zikaja kotesheni tatu. Mhazini alitoka nje, nimeona imeandikwa kwenye muhtasari, saa aliyotoka na saa aliyorudi. Na aliyeshinda ni shemeji yuleyule, kwa sababu safari hii alileta bei ya chini kuliko wote, pungufu kwa karibu theluthi ya ile aliyokuwa akitutoza mwenyewe, kazi ileile, majani yaleyale.

Majirani kadhaa wamenuna kwamba amerudi. Mimi sijanuna. Mhazini hajanisemesha tangu siku ile, na ngazi yake sijaiomba tena.

#18 Kinyozi Mstaafu

Theluthi? Na hakuona haya?

#19 Mkazi wa Kona

Hakuona. Ameshaweka matandazo mapya pale getini, yanapendeza. Invoisi ya kwanza imekuja ikiwa na namba 134.